Miaka Mitatu Chini ya Mhandisi Mtaalamu
Nilipohitimu shahada ya uhandisi ujenzi niliweza kukokotoa nondo za nguzo yoyote, lakini nilipofika eneo la ujenzi nilinyamaza mbele ya mafundi kwa kuogopa kutoa agizo lenye kosa. Kilichonibadilisha ni mpango wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi hapa Tanzania, unaowaweka wahitimu chini ya mhandisi mtaalamu kwa miaka 3. Msimamizi wangu, mama mpole asiyekubali jibu la kubahatisha, alinitaka nieleze kila uamuzi kwa maandishi. Na siku sampuli za zege zilipovunjwa ili kupima nguvu yake, zikiwa na siku 28 tangu kumwagwa, zikaonekana dhaifu, aliniachia mimi nizungumze na mkandarasi. Nilitetemeka, lakini nilisimama na vipimo vyangu. Jioni ile niliamua kubobea katika madaraja.