Wakili wako ni wakili wa benki pia

Watu wengi wa kwetu wanaonunua nyumba ya kwanza hapa Uingereza hulinganisha riba za mikopo kwa makini sana, kisha humchukua wakili kwa haraka, ama kwa sababu dalali wa nyumba amemtaja, ama kwa sababu ada yake ndiyo ndogo kuliko zote walizoziona. Mimi nikiombwa ushauri huanza na swali ambalo dalali huyo hana haja ya kulileta: je, ofisi ya wakili huyo imo katika orodha ya mawakili waliokubaliwa na benki itakayotoa mkopo?

Swali hili lina uzito kwa sababu ya utaratibu wa England na Wales, ambako kwa kawaida wakili mmoja humwakilisha mnunuzi na benki yake kwa pamoja. Benki inataka uhakika kwamba muuzaji ndiye mwenye nyumba, kwamba hakuna deni au haki ya mtu mwingine iliyofichika, na kwamba rehani yake itaandikishwa katika masjala ya ardhi, HM Land Registry, mara tu milki itakapohamia kwako. Badala ya kuajiri wakili wake kwa kila nyumba, humtumia wa kwako, mradi iwe imekwisha kumkubali. Masharti inayompa yamo katika mwongozo wa UK Finance, chama cha mabenki na wakopeshaji. Sehemu ya kwanza ya mwongozo huo ni moja kwa wote, na katika sehemu ya pili kila mkopeshaji huweka matakwa yake mwenyewe.

Kama ofisi haimo kwenye orodha, utabadilisha wakili, au utabadilisha benki, au benki itaajiri wakili wake wa pili na gharama zake utazilipa wewe. Njia hii ya tatu hukubaliwa na baadhi ya benki tu, na hata ikikubaliwa, mawakili wawili huanza kuandikiana barua juu ya faili moja huku muuzaji akihesabu siku. Ndiyo maana swali liulizwe kabla hujalipia upekuzi wa manispaa na wa mabomba ya maji, maana fedha hizo zikishatoka hazirudi.

Namna ya kuuliza nayo ni muhimu. Ukiuliza kama wanafanya kazi na mabenki, utajibiwa kwa furaha kwamba wanafanya kazi na mabenki mengi. Taja jina kamili la benki kama litakavyoandikwa kwenye barua ya mkopo, kwa kuwa kampuni moja inaweza kuwa na majina kadhaa ya kibiashara yenye orodha tofauti, na omba jibu kwa barua pepe. Kisha waulize upande wa benki pia, au mwombe dalali wa mikopo aangalie, kwani yeye huliona hilo kabla ya kutuma maombi.

Hata hivyo, nisingependa msomaji adhani kwamba orodha hiyo ni cheti cha ubora. Ni kibali ambacho benki hukitoa kwa ajili ya usalama wake yenyewe. Ziko benki zisizopenda ofisi yenye wakili mmoja tu, hata awe hodari kiasi gani. Nyingine hudai ithibati ya Law Society, chama cha mawakili, inayoitwa Conveyancing Quality Scheme, na nyingine huziondoa ofisi zisizowaletea faili kwa muda mrefu. Mwaka 2012 HSBC iliipunguza orodha yake hadi ofisi 43 kwa nchi nzima, na mawakili wengi waliojikuta nje hawakuwa na kosa lolote. Kwa hiyo orodha humwondoa asiyeweza kukuhudumia katika mkopo huo, lakini kumpata anayekufaa kati ya waliobaki ni kazi yako. Anzia kwenye daftari la Solicitors Regulation Authority, mamlaka inayosimamia mawakili, au la Council for Licensed Conveyancers kwa wale wataalamu wa milki wasio mawakili kamili, ambao benki nyingi huwakubali vilevile.

Jambo ambalo huwashangaza watu zaidi ni kwamba wakili huyo ana mabwana wawili, na bwana wa pili anataka kuambiwa mambo. Bei ikipunguzwa baada ya ukaguzi, benki lazima ijue. Muuzaji akiwa ameimiliki nyumba kwa muda usiofika miezi 6, benki lazima ijue. Ndugu yeyote mwenye umri wa miaka 17 au zaidi atakayeishi humo bila kuwa mmiliki ataombwa kutia saini kwamba haki yake haitaitangulia rehani, na kwa nyumba zetu, ambazo hazikosi binamu wa chumba cha juu, karatasi hiyo huzua mjadala.

Fedha ya kianzio, yaani sehemu ya bei unayoitoa mwenyewe, ndipo penye kazi kubwa. Shemeji yangu mmoja alikuwa na kianzio chake kamili: sehemu ni akiba ya mshahara, sehemu ni upatu wa akina mama wa mtaani kwao, na sehemu ni zawadi ya baba mdogo aliyeuza kiwanja Tanga. Kila pauni ilikuwa halali, ila wakili alitaka taarifa za akaunti, mkataba wa mauzo ya kiwanja pamoja na tafsiri yake, na barua ya baba mdogo kwamba hadai fedha wala sehemu ya nyumba. "Shemeji, mbona ananihoji kama mwizi?" aliniuliza. Nilimweleza kwamba kanuni za mwaka 2017 dhidi ya utakatishaji fedha zinamlazimu wakili kuhoji hivyo, na kwamba zawadi hiyo benki nayo itaarifiwa. Ukimwambia wakili aifiche, atalazimika kujitoa. Tanzania iliwekwa chini ya uangalizi wa FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, Oktoba 2022 na kutolewa Juni 2025, na Kenya iliwekwa Februari 2024, na kwa sababu ya historia hiyo fedha inayotoka nyumbani huchunguzwa kwa jicho kali zaidi. Wakili aliyewahi kuona hesabu za upatu na miamala ya simu huokoa muda mwingi, na kwa maoni yangu sifa hiyo ina thamani kuliko punguzo la ada.

Kwa anayenunua fleti kuna swali la nyongeza. Tangu moto wa Grenfell, jengo refu la fleti mjini London, wa Juni 2017, na hasa baada ya sheria ya usalama wa majengo ya mwaka 2022, baadhi ya ofisi zilizomo kwenye orodha hazipokei tena faili za fleti katika majengo marefu. Kuwemo kwenye orodha hakumlazimishi wakili kupokea jengo lako, kwa hiyo mpe anwani kamili mapema.

Kuhusu ada, ofisi zilizo chini ya Solicitors Regulation Authority zinatakiwa tangu Desemba 2018 kutangaza bei zao. Soma nyongeza: ya kuiwakilisha benki, ya fleti, ya zawadi ya kianzio. Dalali akikutajia wakili, muulize analipwa kiasi gani kwa kukupeleka huko.

Wanaotumia fedha za Kiislamu wajue kwamba utaratibu ni mwingine: katika ununuzi wa ushirika, benki yenyewe ni mmiliki, hivyo mara nyingi huwa na wakili wake nawe unakuwa na wako, na gharama za wote wawili huingizwa kwenye bajeti yako.

Tena, orodha hufuata benki wala haifuati nyumba. Riba zikishuka katikati ya safari na dalali wa mikopo akakuletea benki nyingine iliyo nafuu, mpigie wakili kabla hujakubali, umtajie jina la benki hiyo mpya, na usubiri jibu lake kwa maandishi.