Mlango wa Apollo 1: wiki ya tatu

Wiki iliyopita pipa lilivuja kwenye maungio. Nilibandua gundi yote, nikazungushia tundu mpira wa tyubu ya gari, na jana jioni hewa ikakaa.

Kwa anayeanza kufuatilia leo: natengeneza mfano wa mlango uliowafungia ndani wanaanga wa Marekani Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee tarehe 27 Januari 1967, chombo chao cha angani, Apollo 1, kilipowaka moto juu ya roketi huko Florida. Safari yenyewe ilikuwa bado. Lilikuwa zoezi, roketi haina mafuta, kwa hiyo halikuhesabiwa kuwa la hatari. Ila chumba kilijazwa oksijeni tupu, shinikizo lake likizidi kidogo la nje, na mlango wa ndani ulifungukia ndani, kwa hiyo shinikizo hilo liliubana usifunguke.

Tundu langu liko juu ya pipa, sm 20 kwa 20, na kipande cha plaiwudi kinalibana kwa chini. Geji ya shinikizo ni mrija wa plastiki wenye maji. Nilipiga pampu ya baiskeli hadi maji ya pande mbili za mrija yakapishana kimo kwa sm 40, nikaanza kupanga paketi za unga za kilo mbili juu ya mlango. Tatu, kimya. Sita, kimya. Ya nane ilipotua, mlango ukazama na unga wote ukaufuata.

Kilo 16, na shinikizo langu halifiki hata theluthi ya lililokuwamo kabla ya moto! Moto uliposhika, joto lilipandisha shinikizo hadi chumba kikapasuka, yote ndani ya sekunde 20 hivi. Kwa shinikizo la wakati huo, hiki kimlango changu kingetaka kama kilo 400. White alitakiwa kulegeza komeo kwa spana, mikono ikiwa nyuma ya kichwa chake, kazi ya sekunde 90 hata siku ya utulivu.

Siwaiti wahandisi wale wazembe. Angani mlango wa namna hiyo hujibana wenyewe, na mwaka 1961 mlango wa chombo cha Grissom ulifyatuka baharini, chombo kikazama, naye akaponea chupuchupu. Waliogopa mlango kufunguka, wakasahau kuogopa usipofunguka.

Baada ya moto ukaja mlango mmoja wa kufungukia nje, na hewa ya kabla ya kuruka ikachanganywa: oksijeni asilimia 60, naitrojeni 40. Huo ndio ninaouanza sasa. Komeo tatu ziachie kwa mpini mmoja. Mbili zinaachia, ya kushoto inakwama, nitaipiga tupa Jumamosi.