Nyota iliyolipuka ikabaki hai

Watu wakiniuliza kuhusu mafumbo ya ulimwengu, wengi hutaka niwasimulie mashimo meusi. Mimi huwapeleka uani nyuma ya jiko, mahali ambapo taa ya jirani haifiki, nikawaonyesha nyota iitwayo Eta Carinae. Fumbo hilo unaliona kwa macho yako mwenyewe.

Huku Mafinga msimu wake mzuri ni mwezi wa tano, mvua zikishakatika na baridi imeanza kuuma. Saa mbili usiku elekea kusini, utafute Msalaba wa Kusini, kisha sogea kulia kiasi cha ngumi moja na nusu ya mkono ulionyooshwa. Utaona doa la ukungu ndani ya Njia Nyeupe. Hiyo ni Nebula ya Carina, wingu kubwa la gesi na vumbi. Kwa darubini yangu ya macho mawili, inayokuza mara kumi, doa linapanuka, michirizi myeusi ya vumbi inalikata, na humo ndani kuna nyota ndogo yenye wekundu kidogo, ndiyo Eta Carinae yenyewe. Wengi huipita bila kusimama, na hilo huniuma.

Desemba 1837 mwanafalaki Mwingereza John Herschel, akiwa Cape Town, aliikuta imeongezeka mwanga ghafla. Kufikia 1843 ilikuwa imeishinda Suheli, nyota ambayo manahodha wetu waliitumia kujua kusini. Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote usiku, pekee ndiyo iliyobaki kuizidi. Sayyid Said alikuwa akitawala kutoka Unguja wakati huo, majahazi yakienda na kurudi kwa kaskazi na kusi, na moto ule ulikuwa juu ya bahari yao. Baadaye ikafifia hata macho matupu yasiione. Siku hizi imerudi, lakini ni hafifu.

Kinachoninyima usingizi ni kwamba haikufa. Ilitema gesi yenye uzito wa majua kumi au zaidi, na nyota ikitoa nguvu za namna hiyo kwa kawaida huwa imekwisha. Hii ipo! Tunajua kwamba ni nyota mbili zinazozungukana kila baada ya miaka 5.5 hivi, kubwa yao ikiwa na uzito wa takriban majua 100. Wapo wanasayansi wanaosema zamani zilikuwa tatu, mbili zikagongana na kuwa moja, ndipo moto ukatokea. Mimi naegemea huko, maana inaeleza nguvu zilikotoka bila nyota kuangamia. Mjadala haujafungwa.

Mtoto wa kaka yangu aliniuliza, "Shangazi, itakufa lini?"

Nikamwambia huenda imeshakufa. Nuru yake husafiri miaka 7,500 hivi hadi kutufikia.

"Basi na wale wa 1843 waliona jambo la zamani?"

Naam. Moto ule uliwaka kabla ya piramidi za Misri kujengwa, nuru ikawa njiani muda wote huo. Sikuwa nimemfundisha hilo, alilifikia mwenyewe. Ijumaa anakuja na wenzake wawili wa darasani, na mwezi siku hiyo utachelewa kuchomoza.