Kijana Asiyejua Kunena

"Mama, huyu kijana ni bubu?"

Nilikuwa nachambua mchicha. Binti yangu, huyu mdogo mwenye maswali, amepewa kazi ya fasihi juu ya Utendi wa Mwana Kupona, na amekwama pale mke anapofundwa namna ya kuishi na mumewe: *Mtunde kama kijana, asiyoyua kunena*, yaani mtunze kama kijana asiyejua kunena. Mchicha nikauacha. Huyo kijana namjua. Aliwahi kuniponza, Lamu, mtaa wa Langoni, likizo ya Agosti nikiwa kidato cha tatu.

Sisi mwalimu wetu alikuwa ameshatumalizia utendi kabla hatujafungua kitabu. Mwana Kupona binti Msham, Pate, 1858, mama mgonjwa anamwachia wasia bintiye, Mwana Hashima, anamfunza utiifu. Basi. Insha yangu niliianza kwa sentensi niliyoiona ina moto kweli kweli: "Mwana Kupona ni kibaraka wa mfumo dume." Nikaenda kumsomea bibi. Sijui nilitaka nini. Labda aone haya kwa niaba ya wanawake wa zamani.

Bibi hakukaa darasani kama sisi, alisoma chuo cha Kurani tu, lakini utendi alikuwa nao moyoni tangu usichana wake. Alikuwa anasuka ukili. Kila ubeti nilioutaja, midomo yake ilifika mwisho wa mshororo kabla ya yangu. Tulipomfikia kijana, nikafafanua kwa sauti ya mwalimu: mume afananishwa na kijana barobaro, mwenye nguvu zake, ndiyo maana mke anyenyekee.

Mikono ikasimama. "Kijana yupi?"

"Si kijana tu, bibi. Kama wa miaka ishirini hivi."

"Wa miaka ishirini asiyoyua kunena?" Akanitazama kwa huruma. "Hoyo ni mwana wa maziwa, mama."

Ukili akauweka chini. Akavuta mto uliokuwa kitandani, akaupakata, akaanza kuupigapiga mgongoni. "Haya, bwana. Ushashiba? Walia nini tena?" Sauti yenyewe ilikuwa ile ya kumbembeleza mtoto aliyeota jino. Akaufuta mto mdomo kwa ncha ya leso, na nakuapia, alipoufuta ndipo ukawa na mdomo. Akauinua, akaunusa huku chini, akakunja uso. Nilicheka hadi nikalala sakafuni, naye akicheka bila sauti, mabega tu yakipanda na kushuka.

Nje barazani babu akakohoa. Kikohozi chake cha kahawa, nyumba nzima tulikijua.

"Labeka, bwana!" Uso wa bibi ulikuwa mkavu kama hajawahi kucheka maishani. Akajitanda leso, akanikabidhi mto, akaenda. Nami, sijui kwa nini, nikaupakata.

Usiku ule nikaandika insha upya. Utendi mzima ni kejeli! Mume ni mtoto mchanga, mke ndiye mwenye akili! Asubuhi nikamsomea. Nilipofika kwenye radhi tano, ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ya mume, nikaanza kucheka kabla sijamaliza kuzitaja.

"Hapo usiteke," akasema, yaani nisicheke.

"Lakini jana..."

"Ule ulikuwa mto. Hii ni radhi."

Akarudi kwenye ukili wake. Insha niliipeleka vilevile, kwa ukaidi, nikapata 7 juu ya 20 na neno moja la wino mwekundu: "Ushahidi?" Ningeambatisha nini, mto?

Miaka baadaye, chuo kikuu, nikakuta msomi wa Marekani, Ann Biersteker, alishaandika kwamba utendi huu waweza kusomwa kwa jicho la kejeli. Nilifurahi, kisha nikakasirika kidogo, maana yeye alikuwa na tanbihi. Nikakuta pia kwamba Alice Werner na William Hichens, walipouchapisha kwa tafsiri ya Kiingereza mwaka 1934, waliupa jina la wasia juu ya wajibu wa mke. Nadhani jalada hilo limewasomea watu wengi kabla hawajafika ubeti wa kwanza, kama mwalimu wangu alivyotusomea sisi.

Wenye nadharia wanabishana kama maana iko kwa mtunzi, kwenye maandishi au kwa msomaji. Mimi bado nimekwama kwa bibi. Msomaji mmoja, utendi mmoja, na mahali fulani katikati ya beti palikuwa na mpaka: huku mnacheka, kule mnanyamaza. Nani aliuweka, Mwana Kupona au yeye, sikumuuliza. Nilidhani likizo zipo nyingi.

Binti yangu nimemweleza vyote viwili, mto na radhi, aandike vyote. Amenionyesha karatasi. Wameachiwa mistari minne.