Leseni ya kibanda ilikataliwa bila sababu: kilichofanya kazi

Leseni yangu ya kuuza chakula imetoka jana, kwa hivyo naandika kabla sijasahau. Niko Kenya.

Kwenye kaunta ya ofisi ya leseni nilikuwa naambiwa tu "umekataliwa". Kurudi na kubembeleza hakukusaidia, wala kumpigia mtu anayejuana na afisa.

Kilichosaidia ni barua ya ukurasa mmoja. Sikulalamika (hasira niliziacha nyumbani). Niliomba sababu kwa maandishi, nikataja Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015, zinazokupa haki ya kupewa sababu hizo. Nakala nikapeleka kwa Ombudsman (tume inayopokea malalamiko kuhusu ofisi za umma), hawatozi kitu.

Lakini kazi kubwa ilifanywa na muhuri. Chapisha barua mbili, yako igongwe "imepokelewa" na tarehe. Muda wa kujibu, miezi 3, huhesabiwa tangu ombi lipokelewe. Wakinyamaza, mahakama huchukulia kuwa uamuzi haukuwa na sababu nzuri, mpaka wathibitishe vingine.

Jibu lilikuja: cheti changu cha afya kiliwekwa kwenye faili ya namba ya zamani ya ploti. Nikakata rufaa ofisini humo humo, nakala ya cheti ndani. Usikimbilie kortini kwanza. Kwa kawaida utarudishwa ukate rufaa ofisini kwanza.