Siku moja maishani mwangu: banda la chakula, figo ya mdogo wetu na chupa mbili za maji

Saa 10:15 alfajiri

Alamu ya kwanza ni ya biashara. Mimi ni mama lishe hapa Tabata, Dar es Salaam, na wateja wangu wengi ni mafundi gereji. Fundi gereji hasubiri chai. Akikuta chapati bado, anavuka barabara kwenda kwa jirani, na kesho anapitiliza moja kwa moja. Kwa hiyo saa hizi unga umeshakandwa, maharage niliyoloweka jana yako motoni, na mimi nasukuma chapati sitini nikiwa nimejifunga khanga kiunoni.

Tangu mdogo wangu aruhusiwe kutoka hospitali alikopandikizwa figo, nina majiko mawili. La mkaa, nje, ni la wateja. La gesi, ndani, ni la kwake peke yake, na lina sufuria yake, kisu chake na ubao wake wa kukatia niliouchora mstari mwekundu ubavuni ili msaidizi wangu asije akakatia nyama ya supu juu yake. Kabla ya kugusa kitu chake nanawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Dawa anazokunywa zinaufanya mwili usiishambulie figo ngeni, lakini kinga yote inashuka nazo, na mdudu ambaye mimi na wewe tungemmaliza kwa kuumwa tumbo siku moja anaweza kumrudisha yeye wodini.

Kilichonisumbua zaidi ni kiporo. Nimekulia nyumba ambayo ubwabwa wa jana ndio kifungua kinywa cha leo. Kwake hakuna. Kinapikwa, kinaliwa cha moto, kinachobaki tunakula sisi. Kachumbari hapana. Mayai ya kukaanga hadi yakauke. Maziwa yachemke. Na kuku wangu sita wa uani niliwahamishia kwa jirani wiki moja kabla hajaja, kwa sababu kinyesi cha ndege kina vimelea asivyotakiwa kuvuta puani.

Leo ni Jumatano, siku ya 47 tangu apandikizwe figo. Ni siku ya kliniki. Na wiki iliyopita majibu hayakuwa mazuri.

Saa 11:30 alfajiri

Wifi yangu anatoka chumbani na kaunta buku. Yeye ndiye mwandishi wetu. Uzito kilo 61.4. Joto 36.6. Presha 132 kwa 84. Joto likifika 38 hatusubiri kupambazuke, tunaondoka. Uzito ukipanda ghafla kilo moja au mbili, tunapiga simu, kwa sababu inawezekana maji yanabaki mwilini.

Kisha jagi. Ni jagi la plastiki la kawaida lenye mistari ubavuni, nililinunua kwa ajili ya juisi, sasa linapima mkojo wake wa usiku. Usidhani tunaona kinyaa. Kwa miaka miwili na nusu alikwenda kusafisha damu mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, na katika muda huo mkojo ulipungua hadi ukawa kama umekauka kabisa. Siku ya upasuaji nesi alitoka akatuambia, "Figo imeshaanza kutoa mkojo." Mama yetu alikaa chini palepale kwenye korido, akafunika uso kwa mtandio. Mimi sikujua kama mtu anaweza kulia kwa furaha ya mkojo.

Mtoto wake wa miaka minne ana mafua tangu Jumapili, analala chumbani kwangu. Ameamka, amesimama nyuma ya pazia la mlango, haingii. "Shangazi, nikiacha kupiga chafya baba ataniruhusu?" Nikamwambia siku mbili tatu tu. Akampungia baba yake mkono kupitia uwazi wa pazia, na baba naye akampungia, barakoa usoni.

Saa 12:00 asubuhi

Bajaji ya jirani imefika, shilingi 8,000 hadi Muhimbili. Daladala ya asubuhi, watu wamebanana wanakoholeana, hiyo bado.

Vidonge vyake viko kwenye kimkoba cha wifi, hajameza. Siku zote anameza saa mbili kamili asubuhi na saa mbili kamili usiku, lakini siku ya kliniki lazima kwanza atolewe damu, ndipo ameze. Wanapima takrolimasi, ile dawa ya kuilinda figo, imebaki kiasi gani zikipita saa kumi na mbili tangu ameze mara ya mwisho. Ikiwa chini mno, mwili unaweza kuikataa figo. Ikiwa juu mno, dawa yenyewe inaidhuru figo ileile inayoilinda, na mikono yake inatetemeka hadi chai inamwagika kwenye kisosi. Wiki ya pili ya kliniki nilimpa dawa nyumbani kwa mazoea, kwa mkono wangu huu. Kipimo kikaharibika, ikabidi arudi kesho yake. Tangu siku hiyo dawa za Jumatano zinalala kwenye kimkoba, hazikai mezani.

Kuna watu bado wananiuliza alipelekwa India mwaka gani. Nawaelewa. Zamani jibu la figo lilikuwa hilo, India, na familia zinauza viwanja. Upandikizaji wa kwanza hapa nchini ulifanyika Muhimbili Novemba 2017, na mwaka uliofuata hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, nayo ikaanza. Wengi wanazungumzia gharama. Mimi nitasema jambo jingine: angepelekwa ng'ambo angekwenda na mtu mmoja, labda wawili. Hapa tuko sita, na hata sita hao bado hatutoshi kwa kazi.

Saa 2:04 asubuhi

Ujumbe wa wifi: "Kashatolewa damu. Kashameza. Zote." Nasoma mkono mmoja uko kwenye chujio la chai.

Saa 4:00 asubuhi

Hapa ndipo banda linapumua kidogo, kati ya chai na chakula cha mchana. Nachagua mchele, na nampigia simu mdogo wetu wa mwisho. Kila siku, saa hii hii. Niliianza desturi hii nikiwa nimechelewa wiki tatu, na nataka nieleze kwa nini.

Mimi ndiye niliyejitolea wa kwanza. Presha ikanikatalia, mwenye presha kama yangu hatoi figo, kwa sababu hiyo moja itakayobaki naihitaji. Mama ana kisukari. Akabaki huyu kitinda mimba, ana miaka 29, anauza kwenye duka la vitenge Kariakoo. Vipimo vilikubali kimoja baada ya kingine, damu, mkojo, moyo, picha, na kila kilipokubali mimi nilishukuru na kuogopa kwa pamoja. Walimtoa figo ya kushoto. Alikuwa mzima kabisa, hana hata mafua, akaingia mwenyewe kwa miguu yake kwenda kupasuliwa.

Alipotoka hospitali alikuja kukaa hapa kwangu. Wageni walikuja, na wageni wetu mnawajua, wanakuja kwa upendo na machungwa. Wanavua viatu, wanauliza "Mgonjwa yuko wapi?", wanaonyeshwa mlango wa kaka. Wakitoka wanakaa sebuleni, na anayeinuka kuwachemshia chai, mkono ubavuni, ni yeye. Wiki ya tatu nilimkuta jikoni anaegemea karo. Akaniambia, "Dada, hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama bado naumwa." Nikakumbuka kwamba hata mimi sikuwa nimemuuliza. Katika kaunta buku hapakuwa na ukurasa wake.

Sasa upo. Nilimwambia wifi auanze palepale, na juu yake akaandika jina lake, si "mtoaji".

Leo sauti ni nzuri. Amerudi dukani wiki iliyopita, na bosi wake amemweka kwenye pesa ili asinyanyue majora. Namuuliza kidonda, usingizi, presha. Namkumbusha dawa za maumivu: akiumwa ni panadol, asije akakimbilia diklofenaki dukani, maana zile zinazielemea figo, na yeye sasa ana moja. Anacheka, "Dada, umeniambia jana." Nikamwambia na kesho nitakwambia.

Akauliza, "Majibu ya kaka?"

"Nesi atapiga jioni."

Tukanyamaza kidogo. Ni figo yake ile. Kreatinini, uchafu wa damu ambao figo huuchuja, ikipanda, anayepanda presha Kariakoo ni yeye.

Saa 7:00 mchana

Wali maharage, ugali dagaa, mchicha. Sahani hamsini na kitu. Sina la kusimulia, nilikuwa nasogeza mikono.

Saa 9:30 alasiri

Narudi nyumbani na kumkuta shangazi yetu kafika kutoka Muheza, Tanga. Kaja na basi tangu asubuhi, miguu imevimba, na kapu lake limejaa machungwa. Chini ya machungwa kuna mabalungi manane, makubwa kama kichwa cha mtoto, na chupa ya soda yenye dawa ya majani aliyoichemsha mwenyewe. Balungi moja limeshamenywa, liko kwenye sahani, na mdogo wangu analitazama. Hajaligusa. Hawezi pia kumwambia shangazi hapana.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona mnamkondesha ndugu yenu? Mtu aliyetoka kupasuliwa hapewi hata tunda?"

Nilikaa chini kwenye mkeka, chini yake, kama ulivyo utaratibu. Nikamshika miguu, nikamwambia asante kwa safari. Kisha nikamweleza taratibu. Balungi linazuia mwili kuivunja ile dawa ya figo. Dawa inarundikana kwenye damu, kiwango kinapanda, na ikizidi inakuwa sumu. Chungwa halina tatizo, ale, lioshwe tu kisha limenywe ganda. Na hii ya majani, shangazi, sisi hatujui imo nini, nayo figo haijui.

Alinyamaza muda mrefu. Aliwahi kumzika mume wake kwa ugonjwa huuhuu, akiwa na chupa kama hiyo mkononi, hana kingine cha kumpa. Mwisho akasema, "Basi nionyeshe ninachoweza kumpa." Nikampeleka kwenye jiko la gesi, nikamwonyesha sabuni na ubao wenye mstari mwekundu. Akanawa hadi viwikoni. Akapika samaki wa nazi, chumvi kidogo, na nyumba nzima ikanukia Tanga.

Saa 12:20 jioni

Simu.

Niseme kwanza ilivyokuwa wiki iliyopita. Kreatinini ilikuwa imeshuka vizuri hadi 112, halafu ikaruka 139. Neno tunaloliogopa sote ni moja, kukataliwa kwa figo, na daktari hakulificha, alisema ni mojawapo ya yanayowezekana. Lakini kwanza alimuuliza, "Unakunywa maji kiasi gani?" Wifi akafungua kaunta buku: lita tatu, lita tatu, lita tatu. Daktari akamtazama mdogo wangu, si daftari. Akauliza tena.

Alikuwa hafikishi lita moja na nusu. Sisi tulikuwa tunaandika tulichompa, alichokunywa hatukukiandika. Chupa mbili za lita moja na nusu ziliwekwa kila asubuhi, na jioni zilizobaki nusu tuliziondoa gizani bila kuzitazama.

Na mimi najua chanzo. Enzi za kusafisha damu maji yalikuwa kwa kipimo, nusu lita kwa siku na kidogo tu zaidi, na mpimaji nilikuwa mimi. Kikombe cha bati cha bluu. Alikuwa ananyonya kipande cha barafu ili kiu ipite. Joto la Februari la Dar, mtu mzima anakuomba maji na wewe unatikisa kichwa, kwa sababu akinywa yatajaa mapafuni. Nilifanya hivyo miaka miwili na nusu. Sasa kila anaposhika glasi ananitazama kwanza. Hajui kama anafanya hivyo. Anainua glasi, macho yanakuja kwangu, anakunywa mafunda mawili, anaiweka chini.

Nesi alisema: "Mia moja na kumi na sita. Imeshuka. Aendelee na maji, tuonane Jumatano. Kiwango cha dawa majibu yake kesho."

Nilirudia namba kwa sauti ili wifi aandike. Shangazi aliuliza 116 ni nzuri au mbaya, na kabla sijajibu wifi alikuwa ameshampigia kitinda mimba.

Saa 2:00 usiku

Alamu ya nne. Takrolimasi, na mwenzake maikofenoleti, nayo ya kuzuia figo isikataliwe. Anahesabu mwenyewe mbele ya mke wake, kwa sauti, vidonge vikiwa kiganjani. Uso wake umekuwa duara kwa ajili ya prednisoloni, na mkono wa kushoto fistula, ule mshipa uliounganishwa enzi za kusafisha damu, bado inanguruma ukiigusa, kama paka aliyelala chini ya ngozi. Anameza, mafunda mawili.

Mimi nimekaa kizingitini nachambua maharage ya kesho, ungo magotini. Nimempa mgongo kwa makusudi. Nilimuahidi daktari kwamba sitasimama tena juu ya glasi yake. Shangazi anasimulia habari za Muheza. Mtoto amelala.

Nikasikia kifuniko cha chupa kinafunguliwa. Maji yakamiminwa, glasi ikajaa, nikamsikia anakunywa yote hadi mwisho. Kisha kifuniko tena.

"Wifi," nikasema, bila kugeuka, "andika hiyo."