Siku moja maishani mwangu: PDP-11 na draiva ya tepu

Saa 2 asubuhi. Leo nasoma tepu za sumaku za zamani kwa PDP-11, kompyuta ya zamani, na draiva yangu, yaani programu inayoiendesha mashine ya tepu. Kabla sijawasha chochote, nasafisha kichwa cha kusomea na njia yote ya utepe kwa pamba na spiriti. Tepu kuukuu huacha unga wa kahawia, na unga huo ukiganda pale, hata draiva iandikwe vizuri namna gani, haisomi kitu. Kisha nageuza kila rili kuhakikisha pete ya plastiki imetolewa. Bila pete, mashine yenyewe inakataa kuandika. Kinga hiyo naiamini kuliko sharti lolote ninaloweza kuliweka kwenye programu.

Saa 3. PDP-11 imewaka. Kidhibiti cha tepu, kifaa kinachounganisha kompyuta na mashine ya tepu, ni TM11; mashine ya tepu yenyewe ni TU10: njia 9 za data zinazokwenda sambamba kwenye utepe, biti 800 kwa inchi katika kila njia, utepe ukienda inchi 45 kwa sekunde. Ukiitazama kwa mbali, kazi ya draiva ni ndogo. Inaweka anwani ya kumbukumbu kwenye rejista (kijisanduku cha namba ndani ya kidhibiti), inaweka idadi ya baiti, inatoa amri, halafu inangoja kidhibiti kibishe hodi, yaani kiiarifu kuwa kimemaliza.

Saa 4 hadi saa 6. Hapa ndipo asubuhi yangu yote inapoishia. Aliyeandika tepu ndiye aliyeamua kila bloku (fungu la data linaloandikwa kwa mkupuo mmoja) iwe na urefu gani, na mimi lazima niugundue wakati wa kusoma. TM11 huhesabu kwa namba hasi. Nikiipa -10,240, inapanda kuelekea sifuri kwa kila baiti inayoingia. Bloku ikiisha rejista ikiwa imefika -9,728, basi zimeingia baiti 512, na huo ndio urefu wa kweli. Bloku ikizidi nafasi niliyotenga, inawaka biti ya kosa la urefu. Draiva inayoipuuza biti hiyo hukata mkia wa data kimyakimya, na kwangu hilo ni baya kuliko kushindwa kusoma kabisa.

(Bloku ya baiti 512 hapa huchukua inchi 0.64 tu, na baada yake kuna pengo la zaidi ya nusu inchi. Rili iliyoandikwa hivyo, karibu nusu yake ni tupu!)

Saa 7 mchana. Chakula.

Saa 8. Bloku moja imegoma. Draiva inarudi nyuma bloku moja na kusoma upya. Draiva za zamani zilirudia mara kadhaa, kisha zikatoa kosa na kazi ikaishia hapo. Yangu nimeipunguzia marudio, maana kila mpito unausugua utepe. Ikishindwa, inakabidhi baiti ilizopata pamoja na alama ya shaka.

Saa 10. Alama mbili za mwisho wa faili zimefuatana. Kwa kawaida maana yake tepu imeisha. Lakini tepu zilitumiwa tena na tena, na maandishi mapya yakiwa mafupi, ya zamani hubaki nyuma yake. Kwa hiyo draiva yangu inasonga mbele, ikikagua biti ya mwisho wa tepu baada ya kila bloku ili utepe usichomoke kwenye rili. Leo kweli zimetokea bloku zaidi, chafu mwanzoni, kisha safi. Nimefurahi mno.

Saa 12 jioni. Wakati utepe unarudishwa mwanzo, naandika kumbukumbu: urefu wa kila bloku, zipi zina shaka, zipi zimetoka ng'ambo ya alama mbili. Hizo za mwisho nimezitenga kwenye faili lake.